Jinsi Nilivyotoshea Kwenye Gari la Deo

Tangu nirudi kutoka Kamachumu, hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza wakwe zangu wanaendeleaje. Swali ni lile lile, kuanzia kwa manesi wa kliniki hadi kwa yule mama muuza dagaa wa Kirumba: "Minza, uliingiaje mle?" Mkishauliza mnacheka, na mimi nacheka, halafu mazungumzo yanahamia kwenye sukari na sabuni. Basi nimeamua kuandika yote mara moja, asome anayetaka, ili nikipita njiani nisalimiwe kama watu wengine.

Mnanijua. Ni mrefu kuliko wanaume wengi wa hapa Ilemela, na mwili niliupata kwa mama. Landrova ya kliniki, ninayoiendesha kikazi, ndiyo gari pekee ninaloingia bila kujikunja. Gari la marehemu mume wangu lilikuwa jambo jingine kabisa. Ni lile la kijani, la viti viwili na paa la turubai, aliloliacha mhandisi wa kinu cha pamba aliporudi kwao Ulaya. Deo aliliita Chiriku, kwa udogo wake na kelele zake. Mwenyewe alikuwa mfupi, mwembamba, mpima ardhi wa kutembea porini na kamba na vigingi, na aliingia humo kama mkono unavyoingia mfukoni. Miaka yote mimi nilikaa kushoto kwake, magoti yakiwa karibu na kidevu. Nilipoomba usukani hata mara moja, alicheka tu.

"Minza wangu, walioliunda hawakukupigia hesabu."

Jioni moja ya mwaka wake wa mwisho alinilaza barazani, akatoa utepe wake wa kazi, akanipima mguu kuanzia nyonga hadi wayo. Nikamwambia, "Unanipimia kiwanja au jeneza?" Alicheka mpaka akakohoa, akaukunja utepe wake, akaingia ndani. Sikujua kwamba daktari alikwisha kumwambia habari za moyo wake.

Kiseke

Mungu hakutujalia mtoto, kwa hiyo ukoo ulimchagua mdogo wake Deo, Anselmi, awe mrithi. Kwa Wahaya, mrithi hukalishwa kwenye kiti cha marehemu mbele ya ukoo mzima, na hapo ndipo anapokuwa mwenye vitu vyake. Baba mkwe akaagiza kwamba gari nalo lifike siku hiyo, Anselmi akalie kiti chake. Tena lifike kwa magurudumu yake. "Deo alibebwa melini," alisema. "Gari lake lisibebwe." Ndiyo sababu hatukupanda meli, na msiniulize tena.

Tatizo lilikuwa moja. Anselmi ni mkulima wa kahawa na katekista, na hajawahi kushika usukani. Alipofika nyumbani kwangu Kiseke kulichukua gari, alilizunguka, akaligonga gonga bodi kama mtu anayechagua tikiti maji, kisha akaniangalia kuanzia chini hadi juu. Ilimchukua muda kufika juu.

"Shemeji," alisema, "dereva ni wewe. Sasa tutafanyaje?"

Naandika wazi: sikutaka kulitoa gari lile. Usukani wake ulikuwa bado umelainika pale mikono ya Deo ilipozoea kushika, na nilikuwa nikitoka jioni kwenda kuushika tu, nimesimama nje. Lakini sikuolewa ili nigombane na wakwe. Nikajiambia kwamba kama litaondoka, basi nitaliondoa mimi, nikiwa nimekaa mahali pake, angalau mara hiyo moja.

Kuingia kulikuwa kazi ya watu. Tulitoa mto wa kiti, tukatandika gunia lililokunjwa. Nilivua viatu, maana mguu na kiatu kwa pamoja havikupita chini ya usukani. Niliingiza mguu wa kushoto, nikaketi juu ya mgongo wa kiti, nikateleza chini taratibu, Anselmi akinishikilia bega na jirani yangu Mama Kulwa akinisukuma kwa nyuma na kusema "Bismillahi" kila nilipokwama. Mwisho nilikaa. Usukani ulinikandamiza tumbo, magoti yakawa kila moja upande wake, na kichwa kikabaki juu ya kioo cha mbele kabisa, hakuna cha kukinga. Turubai tuliliacha limekunjwa, kwani lingefunguka wapi?

"Na kutoka je?" aliuliza Mama Kulwa.

Nikamwambia maji nimekwisha kuyavulia nguo. Nikavaa ile miwani ya pikipiki ya Deo, Anselmi akapanda kushoto na dumu la petroli miguuni, tukaondoka, mtaa mzima umesimama mlangoni.

Nilikuwa sijamtazama vizuri shemeji yangu mpaka tulipofika barabarani. Mbele hafanani na kaka yake. Ubavuni ni yeye mtupu: pua ile ile, sikio lile lile dogo, na jinsi anavyoinua kidevu gari likipita shimo. Nikaona ni afadhali nitazame barabara.

Kigongo

Kabla ya Kigongo tulikutana na visubi wa ziwani, wale wanaoinuka juu ya maji kama moshi. Mwenye kioo mbele yake hupita salama. Mimi nilikuwa na kioo kifuani. Niliwameza, nikawatema, nikawameza wengine. Anselmi, aliyekuwa ameketi vizuri nyuma ya kioo, aliniambia kwao huko nsenene, wale panzi, ni kitoweo, nijifunze. Nilimjibu maneno ambayo katekista hapaswi kuambiwa.

Kivuko kilikuwa ng'ambo, Busisi, na hakikuonyesha dalili ya kutaka kurudi. Tulingoja mpaka jua likahama. Kwa kuwa sikuweza kutoka, watu walikuja kwangu. Mama mmoja muuza samaki akaniletea sato wa kukaanga na tonge la ugali, akanikabidhi juu ya mlango kama anayelisha mgonjwa.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma. "Pole. Wamekufunga humo?"

"Nimejifunga mwenyewe."

Akamgeukia Anselmi, aliyekuwa ananyoosha miguu ufukweni. "Na wewe baba, mwanamume mzima, unamwacha mke aendeshe, tena kwa shida hivi? Huoni aibu?"

"Si mke wangu," alisema Anselmi. "Ni wa kaka yangu."

"Na kaka yako yuko wapi?"

Hapo kila mmoja wetu akamngoja mwenzake ajibu. Yule mama akaelewa. Alichukua sato mwingine, aliye mkubwa, akaniwekea juu ya yule wa kwanza, akaenda zake.

Kivuko kilipofika, msimamizi akaja na filimbi yake. Amri ni kwamba abiria wote washuke kwenye magari.

"Nikishuka," nilimwambia, "nani atanirudisha?"

"Mama, amri ni amri. Kikizama je?"

"Kikizama, gari hili nitalivaa kama gauni, tuelee wote."

Watu wakacheka mpaka wabeba mizigo wakaweka mizigo chini. Msimamizi akanitazama, akaitazama filimbi yake, akapita kwenda kumkaripia mwenye mbuzi. Nikavuka ziwa nimeketi, kichwa kikichungulia kati ya malori, na upepo ulikuwa mtamu. Deo alipenda sana kivuko kile. Alikuwa akizima injini, ananishika goti lililokuwa karibu na kidevu changu, anakaa kimya mpaka ng'ambo. Siku ile goti lilikuwa kwenye usukani na hakukuwa na wa kulishika.

Sengerema

Tulilala kwa masista wa misheni, walionitoa garini kwa kunivuta. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na katekista hawezi kupita kanisa Jumapili. Padri alihubiri kirefu, halafu pancha, halafu kunichomoa garini ili jeki iingie, halafu kunirudisha. Tulipokaribia kutoka mjini, saa nane ilikuwa imepita. Mnaijua ile amri ya kuokoa mafuta, kwamba Jumapili kuanzia saa nane gari la mtu binafsi lisionekane barabarani. Mgambo wawili wakatusimamisha kwa kamba iliyofungwa vitambaa.

"Hili ni gari binafsi?"

"La marehemu," alisema Anselmi.

Mgambo wakashauriana. Mmoja aliona marehemu si mtu binafsi. Mwenzake aliona amri haikuwatoa marehemu. Walibishana kwa heshima kubwa, na aliyeshinda ni wa pili. Tukasukumwa mpaka kwa mjumbe wa nyumba kumi, mama mnene kama mimi, tukakabidhiwa kwake pamoja na gari mpaka asubuhi.

Mjumbe yule alitupa michembe ya viazi vitamu na karanga, na chai isiyo na sukari, akaomba radhi kwa ajili ya sukari kana kwamba alikuwa ameificha yeye. Tulikaa kwenye gogo nje ya jiko. Anselmi alikuwa ametulia, na mtu mtulivu akianza kusema husema yote.

"Shemeji, nikwambie ukweli. Nalitaka gari hili. Nimejiona mara nyingi nafika nalo kanisani siku ya Krismasi, nimevaa koti. Deo alikuwa akija nalo likizo, watu wote wanamkimbilia, mimi nabaki na jembe. Sasa kila nikikuona unavyoteseka humo, raha inanitoka."

"Ulitake tu," nilimwambia. "Ni haki yako."

"Na wewe?"

"Mimi namtaka mwenyewe. Gari ni kwa sababu yeye hayupo."

Akaanza kuvuma wimbo wa kanisa, polepole, kwa pua, namna ile ile aliyokuwa akivuma Deo akichora ramani zake. Nilimwomba aache. Kisha nikaona nimemwonea, nikamwomba aendelee. Alivuma mpaka michembe ikaisha, na mimi nikafumba macho na kujidanganya.

Geita

Barabara ya kwenda Geita ilikuwa ya mabati, yale matuta madogo madogo yanayokung'uta meno. Kiti kilianza kulia. Tulipouona mji, kikakatika upande mmoja, nikaegemea mlango na sikuweza kujiinua. Wanaume wanne walinitoa, na sitaandika jinsi walivyonitoa.

Fundi wa kuchomelea alikuwa mzee Abdala, aliyezaliwa pale pale mjini, mwenye karakana ya makuti na maneno mengi. Alituhesabia magari yote aliyowahi kuchomelea, akilalamikia kila dereva wake, huku akifungua nati za kiti. Kilipotoka alichana zulia lililokuwa limechakaa chini yake ili aone sakafu kama nayo imepasuka.

"Hiki kiti mnakihamisha au mnakirudisha palepale?" aliuliza.

"Palepale. Kinahamia wapi?"

"Huku nyuma. Mashimo yako tayari."

Niliinama. Nyuma ya mashimo ya zamani, yaliyojaa kutu, kulikuwa na mengine manne yaliyotobolewa kwa unadhifu, yamezungushiwa alama ya penseli, na kila moja limezibwa kwa nta ya mshumaa.

Mshumaa niliujua. Deo alikuwa hawezi kuona tundu bila kuliziba kwa nta. Masanduku yake ya vyombo, meza ya kuchorea, hata mlango wetu wa uani, popote alipotoboa na hajatia skrubu, aliziba, eti vumbi la porini lilimfundisha. Nyumba nzima inanuka mishumaa yake mpaka leo. Nikakumbuka utepe ule barazani, kuanzia nyonga hadi wayo.

"Kumbe alinipimia kiti," nilisema.

Mzee Abdala alikwangua nta kwa ukucha. "Haya hayajawahi kuingia nati. Alitoboa akaacha. Kwa nini mtu ajisumbue hivyo halafu asihamishe?"

Nilitaka kusema ni uvivu wake wa kesho na keshokutwa. Lakini Anselmi alikuwa amekwisha kuingia garini, ameketi sakafuni juu ya mashimo mapya, amenyoosha mguu kuelekea breki. Mguu ulikomea hewani.

"Shemeji," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mimi na Deo tulikuwa tunavaa suruali moja. Kiti kikija hapa, yeye asingeifikia breki. Alitoboa akijua hataendesha tena."

Sikulia siku ya mazishi. Wengi mlinisema, najua. Nililia Geita, kwenye karakana ya mtu nisiyemjua, nimekaa juu ya tairi, na mzee Abdala akakosa maneno kwa mara ya kwanza, nadhani, tangu azaliwe. Mwanamume alijua anakufa, na badala ya kuniambia akanitafutia nafasi ya miguu. Nilimkasirikia. Nilimpenda mpaka kifua kikauma. Vyote viwili vilikuja pamoja na sikuweza kuvitenganisha.

Tulikifunga kiti nyuma.

Biharamulo

Hapa sina mengi, kwa sababu nilikuwa nimekaa vizuri, na safari ya mtu aliyekaa vizuri haina hadithi. Mto ulirudi mahali pake. Nilivaa viatu. Magoti yalipita chini ya usukani, na kwa kuwa sasa niliweza kulala nyuma kidogo, hata kichwa kikashuka na kioo kikaanza kunifaa. Nilishika usukani pale palipolainika, nikapita msitu wa Biharamulo kwa mwendo ambao Anselmi aliukabili kwa rozari.

Kwenye kizuizi cha mbung'o, kijana wa serikali alikuja na wavu wake akatuamuru tufunge madirisha ili awawinde mbung'o waliojificha ndani. Tukamwonyesha kwamba hatuna madirisha, wala paa, wala ndani. Alilizunguka gari, wavu mkononi, akashindwa aanzie wapi. Mwishowe akatupungia wavu mara moja kichwani kila mmoja, kama padri na maji ya baraka, akatuachia tupite.

Tulicheka mpaka Muleba. Tangu kiti kihame, Anselmi hakulitaja gari tena hata kwa neno moja, na mimi sikumuuliza. Nilijua nilikokuwa nalipeleka. Kila kilomita ya raha ile ilikuwa inanisogeza karibu na kulikabidhi, na kwa mara ya kwanza nilitamani barabara mbovu.

Kamachumu

Ukoo ulikuwa umekwisha kukusanyika. Tulipokelewa kwa vikapu vidogo vya kahawa ya kutafuna, nami nikaitafuna kama Deo alivyonifundisha, bila kukunja uso. Mama mkwe alinishika mikono miwili akanitazama, halafu akalitazama gari, halafu akauliza swali lile lile mnaloniuliza ninyi.

Anselmi alikalishwa kwanza kwenye kiti cha miguu mitatu, akapewa mkuki na kuvikwa nguo ya gome la mti. Alikubali vyote kwa adabu. Kisha baba mkwe, mzee mkali asiyependa mambo yachelewe, akaamuru aketi garini.

Nilimpa ufunguo. Mkono wangu haukutaka kufunguka, na aliusubiri.

Aliingia, akaegemea, akanyoosha miguu. Kila mtu aliona. Viatu vyake vilining'inia mbali na breki, na macho yake yalikuwa usawa wa usukani. Vicheko vikaanza huku na huku.

"Sogea mbele," alisema baba mkwe.

"Hakisogei, baba. Kimefungwa hapa."

"Nani amekifunga hapo?"

"Fundi wa Geita. Lakini mashimo alitoboa Deo mwenyewe, kwa mkono wake, siku za ugonjwa wake. Alimpima mke wake kwa utepe, akatoboa." Anselmi akashuka. Alikuwa na nafasi ya kusema kirudishwe mbele, ni nati nne tu, na spana ilikuwa miguuni pake. Hakuigusa. "Baba, kile cha miguu mitatu ni cha kwangu, nimekikalia. Hiki kina mtu wake. Nikikihamisha nitakuwa nimemwondoa aliyekalishwa na marehemu."

Baba mkwe alikiendea kiti, akainama kwa taabu, akapapasa chini yake mpaka akayapata yale mashimo ya zamani, yaliyobaki wazi. Alikaa ameinama hivyo kwa muda, kidole kikiwa ndani ya shimo. Aliponyanyuka, ukali wote ulikuwa umemtoka.

"Minza," aliniambia, na siku zote alikuwa akiniita "huyo Msukuma", "keti nikuone."

Nikaketi. Safari hii hakunisukuma mtu.

Kurudi

Nilirudi peke yangu. Msimamizi wa kivuko alinikumbuka, akapuliza filimbi, na safari hii nikashuka bila kubishana, nikasimama kando ya gari mpaka tukafika Kigongo. Nilinunua sato kwa yule mama, naye hakuniuliza shemeji yuko wapi.

Basi jibu lenu ni hili. Natoshea. Nimenyoosha miguu na viatu nimevaa, na hata nikinenepa zaidi bado kuna nafasi ya vidole viwili kati ya tumbo na usukani, maana Deo alinijua. Jioni, kazi ikiisha, huwa nalipeleka Chiriku taratibu mpaka ufukweni, nazima injini, nakaa kimya kama alivyokuwa akikaa. Halafu nanyoosha mkono kushoto kutafuta goti la kushika. Kile kiti cha kushoto, ambacho miaka yote hakikunitosha, sijui kilianza lini kuwa kikubwa hivyo.